Mafuta ya harufu ya mimea: yanavyozuia wadudu na ukungu shambani na ghalani, na pale yanaposhindwa

Msikilizaji wetu, makala hii ina deni ndani yake. Msimu uliopita wa nyanya tulisoma hewani ujumbe wa msikilizaji mmoja aliyesema mafuta ya karafuu yanafukuza wadudu kwenye miche. Alichosema kilikuwa kweli. Lakini hatukutaja kipimo, wala hatukusema mafuta yale huchanganywaje na maji. Siku 3 baadaye kijana mmoja wa Lushoto alitupigia. Alikuwa amemimina kichupa kizima kwenye bomba la kunyunyizia, akanyunyiza kitalu chake saa sita mchana. Jioni majani yalikuwa yamebabuka kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Matuta 2 ya miche yakaenda.

Tulimwomba radhi hewani, na tuliahidi kulieleza jambo hili kwa maandishi, kwa kituo na kwa utulivu, ili mtu alisome kwenye simu mara mbili kabla ya kushika bomba. Kwa sababu kwenye mkoa wetu wa Tanga mimea hii tunayo: karafuu na mdalasini Muheza, mchaichai karibu kila uani, mikaratusi milimani, kivumbasha kando ya njia. Na wadudu nao tunao.

Mafuta ya harufu ni nini

Chukua jani la mchaichai, lifikiche mkononi, kisha linuse. Kile kilichokufikia puani ndicho tunachokizungumzia. Ndani ya jani mna vifuko vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Unapolifikicha, vifuko vinapasuka, na mafuta yaliyomo yanageuka hewa papo hapo.

Haya si mafuta ya kupikia. Mafuta ya alizeti, ufuta au nazi ni mazito. Ukidondosha tone kwenye karatasi linaacha doa lisilokauka. Mafuta ya harufu ukiyadondosha hivyo hivyo, baada ya muda doa linafifia, kwa sababu mafuta yamepaa. Shika tofauti hiyo, maana ndiyo nguvu yake na ndiyo udhaifu wake.

Vilevile tusichanganye mambo. Mwarobaini na pareto ni dawa za mimea zinazofahamika sana, lakini nguvu yake haitokani na mafuta ya harufu. Mbegu ya mwarobaini hukamuliwa mafuta mazito yenye uchungu, yanayomfanya mdudu asile na asikue. Pareto, inayolimwa nyanda za juu kusini na kusindikwa Mafinga, dawa yake imo ndani ya ua. Zote mbili tutazitengea makala yake. Leo tunabaki na harufu.

Kwa nini mmea unajitengenezea harufu? Mti hauwezi kukimbia. Mbuzi akija, kiwavi akija, ukungu ukija, mti uko pale pale. Hivyo mimea mingi imejijengea ulinzi ndani ya majani, magome, mizizi na maua. Kila mmea una mchanganyiko wake. Ndani ya karafuu kiini kikubwa kinaitwa yujenoli. Ndani ya mchaichai kuna sitrali. Aina nyingi za mikaratusi zina sineoli, ile inayofungua pua ukiwa na mafua. Kivumbasha kina jamii nyingi, na kila jamii ina harufu yake: nyingine zinanukia kama karafuu, nyingine kama kafuri.

Inamfanyaje mdudu

Mdudu hana pua kama yetu, wala hapumui kwa mdomo. Ananusa kwa papasi zile mbili za kichwani, na anapumua kupitia vitundu vidogo vilivyo pembeni mwa mwili. Kwa hiyo harufu kali inamfikia kwa njia mbili kwa mpigo.

Njia ya kwanza ni kumpoteza. Nondo anayetafuta mahindi usiku haoni shamba kama tunavyoliona sisi, anafuata harufu. Harufu nyingine ikizidi ile anayoitafuta, anapita.

Njia ya pili ni kumdhuru. Hewa ya mafuta ikiingia kwenye vile vitundu, inavuruga mishipa yake ya fahamu. Mdudu anaanza kutetemeka, anaanguka chali, anashindwa kutembea. Baadhi ya viini hivi, yujenoli ikiwemo, vinagusa sehemu za fahamu ambazo mdudu anazitegemea sana kuliko mwanadamu au ng'ombe. Ndiyo sababu kiasi kinachomwangusha fukusi hakimwangushi mtu. Lakini tusidanganyane kwamba kitu cha asili hakina sumu. Hilo tutalirudia mbele.

Mayai na viwavi wachanga ndio wanaodhurika haraka. Kiwavi mkubwa aliyenenepa, au mdudu aliyejificha ndani ya punje, anaweza kuistahimili harufu hadi ikaisha.

Inaufanyaje ukungu

Ukungu unasambazwa na vumbi dogo sana. Vumbi hilo likitua kwenye jani lenye unyevu, linachipua kama mbegu, linatoa uzi mwembamba na kuingia ndani ya jani. Mafuta ya harufu yanatoboa ngozi laini ya ule uzi, maji ya ndani yanavuja, na ukungu unakufa kabla haujashika.

Tumesema kabla haujashika. Nyanya ikishashambuliwa na bakajani, ile ambayo wengi wetu tunaiita barafu, na majani yameshakuwa meusi, hakuna mafuta ya harufu yatakayoyarudisha. Mafuta haya ni kinga. Ukingoja ugonjwa uonekane ndipo unyunyize, umechelewa.

Mahali ambapo mafuta haya yamefanya vizuri dhidi ya ukungu ni kwenye mazao yaliyokwisha vunwa, kwa sababu pale hakuna mvua wala jua la kuyaondoa. Afrika Kusini, kwa mfano, watafiti wametumia mafuta ya mmea uitwao thaimu kupunguza chule, yale madoa meusi yanayoozesha parachichi likiwa njiani kwenda sokoni.

Wazee walijua, watafiti wakapima

Hakuna aliyekuja kutufundisha kwamba kivumbasha kinafukuza wadudu. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu wameweka majani yake ghalani tangu zamani, na pwani watu wameweka karafuu kwenye nafaka na kwenye masanduku ya nguo.

Walichofanya watafiti ni kupima. Pale Nairobi kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo. Mwaka 1990 Profesa Ahmed Hassanali na wenzake wa kituo hicho walichapisha kazi yao juu ya vitu 2 ambavyo wakulima wa ukanda wetu walikuwa wakivitumia kulinda nafaka: majani ya kivumbasha na karafuu. Walitaka kujua ni kiini gani hasa kinachomfukuza fukusi wa mahindi. Miongoni mwa walivyovikuta ni yujenoli.

Rwanda nako wakulima walikuwa wakichanganya majani makavu ya jamii nyingine ya kivumbasha na maharage. Watafiti walipoyachunguza majani hayo walikuta kiini kiitwacho linalooli. Pia walikuta jambo la kutufaa sisi: majani yaliyosagwa muda huo huo yana nguvu, lakini nguvu hiyo hupungua haraka. Unga uliosagwa mwezi uliopita ukakaa wazi ni majani tu.

Na huko Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria upande wa Kenya, icipe pamoja na wenzao wa Kenya na Uingereza, wakiongozwa na Profesa Zeyaur Khan, walitumia harufu bila kukamua tone moja la mafuta. Katikati ya mistari ya mahindi walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ambao harufu yake inamfukuza nondo wa funza wa mabua. Kuzunguka shamba wakapanda majani ya tembo, ambayo wengine huyaita mabingobingo, yanayomvutia nondo yule yule. Anafukuzwa ndani, anavutwa nje. Njia hiyo inaitwa sukuma-vuta. Desmodiamu inazuia pia kiduha, na majani ya tembo yanaliwa na ng'ombe. Kwa mwenye mifugo na shamba dogo, hii ndiyo njia ya harufu isiyohitaji kununua kichupa.

Mimea tuliyonayo hapa

Karafuu. Hii ndiyo yenye mafuta mengi kuliko yote. Punje kavu za karafuu hutoa mafuta hadi sehemu 15 au zaidi kwa kila 100 za uzito wake. Si punje tu, hata makonyo, vile vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua, yana mafuta. Pale Wawi, Pemba, kipo kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo. Haya ni mafuta makali. Ndiyo yaliyounguza miche ya kijana wetu.

Mchaichai. Kilo 100 za majani mabichi hutoa karibu robo lita ya mafuta, wakati mwingine zaidi kidogo. Ni kidogo, lakini mmea wenyewe unaota bila shida na unavunwa tena na tena.

Mkaratusi. Majani yake makavu yanafaa kutandikwa chini na juu ya viazi mviringo ghalani, kupunguza nondo wa viazi. Lantana nayo hutumika hivyo hivyo. Lakini lantana ni sumu kwa mifugo, kwa hiyo majani yakishatumika yafukie, usiyatupe zizini.

Kivumbasha. Kinatumika kikiwa kikavu, ghalani. Hiki ndicho rahisi kuliko vyote.

Kwa nini kuchemsha majani kwenye sufuria hakutoshi

Wengi mnatuandikia: nimechemsha mchaichai saa nzima, nikanyunyiza, wadudu wako pale pale. Mama, baba, fikiria jikoni kwako palivyonukia wakati unachemsha. Ile harufu iliyojaa jikoni ndiyo dawa. Imepaa, imebaki chai.

Mafuta ya harufu hukamuliwa kwa mvuke. Majani huwekwa kwenye pipa lililofunikwa, mvuke wa maji unapita katikati yake na kubeba mafuta. Mvuke ule unapitishwa kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, unarudi kuwa maji, na mafuta yanajitenga. Mara nyingi yanaelea juu. Mafuta ya karafuu yenyewe huzama, kwa sababu ni mazito kuliko maji.

Kazi hii haihitaji kiwanda kikubwa. Karibu na msitu wa Kakamega, Kenya, kikundi cha wakulima kinalima jamii moja ya kivumbasha na kuikamua kijijini, wanatengeneza dawa ya kuchua. Vikundi vyetu vya Muheza vina malighafi zaidi ya hiyo. Ila mjue: anayetaka kukamua ili auze kama dawa ya mazao lazima asajili dawa hiyo kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao yake makuu yapo Arusha. Kutumia majani yako kwenye shamba lako ni jambo moja, kumuuzia jirani chupa yenye jina ni jambo jingine.

Ghalani: maharage na kunde

Hapa ndipo mkulima mdogo anapopata faida ya uhakika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mdudu anayebungua maharage mara nyingi anaanza shambani. Anataga kwenye maganda yanayokauka, wewe unavuna, unaingiza nyumbani pamoja naye. Ndani ya mwezi mmoja hivi kizazi kipya kinatoka, na kila kimoja kinaacha tundu la mviringo. Kwa hiyo usiache maharage yakae shambani yakisubiri nafasi yako.

Hatua ya kwanza ni kukausha vizuri juani juu ya turubai, kisha pepeta na chambua. Toa yote yenye matundu. Usichanganye mavuno mapya na masalia ya zamani, wala usitumie gunia la zamani bila kulichemsha au kulianika jua kali.

Hatua ya pili ni kuchagua kinga. Unazo njia 3 zinazohusu habari yetu.

Njia ya mafuta ya kupikia. Mililita 5 kwa kila kilo, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Kwa kilo 20 ni mililita 100. Kwa gunia la kilo 100 ni nusu lita. Changanya kidogo kidogo hadi kila punje ing'ae. Mafuta haya mazito yanaziba mayai na kuua kilichomo kabla hakijatoboa. Tumeyataja kwa makusudi: si mafuta ya harufu, ni rahisi kupatikana, na kwa kunde na maharage yanafanya kazi kwa miezi kadhaa.

Njia ya majani ya harufu. Kausha kivumbasha kivulini, si juani, maana jua linachukua mafuta. Kikikauka kiasi cha kuvunjika, kisage na ukitumie siku hiyo hiyo. Katika majaribio mengi ya unga wa majani kipimo huwa kati ya kilo 2 na kilo 5 kwa kilo 100 za nafaka. Changanya, funga gunia vizuri. Kwa sababu harufu inaisha, kagua kila baada ya wiki 2, na ongeza unga mpya ukiona wadudu.

Njia ya kubiringisha. Hii haina harufu wala gharama, lakini ni nzuri mno kuiacha. Funza mchanga wa maharage anahitaji muda mrefu, karibu siku nzima, kutoboa ngozi ya punje. Ukibiringisha gunia au ndoo ambayo haijajaa sana asubuhi na jioni, funza anatupwa kila mara kabla hajaingia, na anakufa. Watoto wanaweza kuifanya kabla ya kwenda shule.

Kwa maharage ya mbegu, kinga yoyote utakayotumia, kabla ya msimu otesha punje 10 kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota 8 au zaidi, endelea. Zikiota chache, tafuta mbegu nyingine mapema.

Na mahindi je

Mahindi ni habari nyingine. Fukusi wa mahindi anataga ndani ya punje, na mafuta hayamfikii vizuri. Dumuzi, ambaye wengine mnamwita Scania, ni mbaya zaidi. Huyu alitoka Amerika ya Kati, akaonekana nchini kwetu upande wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na akasambaa. Anakula hata mbao za ghala. Majani ya harufu peke yake hayatamzuia kwa msimu mzima.

Kwa mahindi, ushauri wetu ni mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko 2 ya plastiki ndani ya kiroba. Mdudu anakosa hewa na kufa, bila dawa yoyote. Anayetumia dawa ya unga ya dukani asome lebo, na ahakikishe imesajiliwa. Na tunawasihi tena: vidonge vya kufukizia nafaka visiwekwe kamwe kwenye chumba anacholala mtu. Gesi yake inaua. Ni kazi ya mtaalamu.

Shambani: kunyunyiza bila kuunguza

Ukiwa na mafuta ya harufu halisi, utaratibu ni huu.

Kwanza, mafuta na maji havichanganyiki. Ukimimina mafuta kwenye bomba yanaelea, na matone ya mwisho yanatoka mafuta matupu. Ndipo majani yanapoungua. Anza kwa kuchanganya mafuta na sabuni ya maji kidogo kwenye kikombe, koroga mpaka yawe kama maziwa, kisha ongeza maji polepole huku ukikoroga. Usitumie sabuni ya unga, nayo inaunguza.

Pili, kipimo. Anza na mililita 2 kwa lita moja ya maji. Usizidishe mililita 5 kwa lita. Kwa bomba la lita 16, mililita 2 kwa lita ni mililita 32. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kutoka duka la dawa. Usikadirie kwa macho.

Tatu, jaribu kwenye mimea 3 au 4 tu, subiri siku 2. Majani yakiwa salama, endelea. Miche michanga ni laini zaidi, iogope.

Nne, nyunyiza jioni jua likipungua. Mafuta hayapai haraka, majani hayaungui, na nyuki wamesharudi mzingani. Lenga chini ya majani, ndipo wanapokaa vidukari, utitiri na inzi weupe.

Tano, rudia baada ya siku 5 hadi 7, na baada ya kila mvua. Hapa ndipo gharama inapoingia. Piga hesabu ya mafuta kwa msimu mzima kabla ya kuanza. Kwa bustani ya mboga ya nyumbani inawezekana. Kwa ekari nzima ya mahindi, mara nyingi haitalipa.

Sumukuvu: hapa tusifanye mchezo

Kuna maneno yanazunguka kwenye makundi ya simu kwamba mafuta ya karafuu au mdalasini yanasafisha mahindi yenye ukungu. Tumeulizwa zaidi ya mara moja. Jibu ni hapana.

Ni kweli kwamba maabara mafuta haya yanauzuia ukungu unaotengeneza sumukuvu usikue. Lakini sumu ikishaingia kwenye punje, inabaki. Haiondoki kwa harufu, haiondoki kwa kupika ugali, na huwezi kuitambua kwa ladha. Mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 maafa kama hayo yalitufika sisi, Dodoma na Manyara. Anayekula sumu hii kidogo kidogo kwa miaka yuko kwenye hatari ya saratani ya ini.

Kinga ya sumukuvu ni ukavu. Vuna kwa wakati, usitupe mahindi kwenye udongo mtupu, kausha juu ya turubai. Kupima, chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi hadi robo, ongeza chumvi kavu vijiko 2 au 3, funika, tikisa kwa dakika moja kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Punje zilizoota ukungu, zilizobadilika rangi au kuvunjika, zitoe. Usimpe kuku, usimpe ng'ombe, maana sumu inarudi kwako kupitia maziwa.

Cha asili nacho kina sumu

Mafuta ya harufu yanayotoka kwenye chupa si sawa na majani. Katika kijiko kimoja umekusanya nguvu ya majani mengi sana. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kikinywewa na mtoto mdogo kinaweza kumzimisha. Weka juu, mbali na watoto, usiweke kwenye chupa ya soda. Vaa glavu na kinga macho. Usimwage mabaki mtoni wala bwawani: mafuta ya karafuu ndiyo hutumika kuwalewesha samaki. Na usiyaweke karibu na moto, yanawaka.

Maswali yenu

Je, yanaua kantangaze? Kiwavi wa kantangaze yuko ndani ya jani, kati ya ngozi mbili, dawa haimfikii vizuri. Mafuta yanaweza kupunguza utagaji, lakini tegemea zaidi mitego ya kuwavuta madume, kung'oa majani yaliyotobolewa, na ushauri wa afisa ugani.

Na viwavijeshi vamizi? Akiwa mdogo, juu ya jani, anaweza kudhurika. Akishaingia kwenye moyo wa mhindi hafikiki. Kagua shamba mara 2 kwa wiki wiki za mwanzo, na ponda mayai kwa mkono.

Naweza kutumia mafuta ya kuchua ya dukani? Hapana. Yana vitu vingine ndani yake visivyofaa mmea wala mboga.

Nichanganye na dawa ya dukani ili iwe kali zaidi? Usichanganye. Hujui kitakachotokea, na mmea ndio utakaokujibu.

Yule kijana wa Lushoto alipanda kitalu kingine. Mara hii alijaribu kwenye miche 4 kwanza, kwa mililita 2 kwa lita, jioni. Alitutumia picha, majani ni ya kijani. Bado anakagua vidukari kila siku mbili, na anasema hataki tena dawa yoyote isiyo na kipimo, hata ikitangazwa redioni. Tumekubali.

Ukiwa na swali kabla ya kunyunyiza, tutumie ujumbe kwa namba unayotumia kutuandikia kwenye kipindi cha mkulima, au muulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yako. Utaje zao, umri wake na unachotaka kunyunyiza. Tutasoma jibu hewani, na safari hii pamoja na kipimo chake.